Anwani ya Mbunge: Tovuti na Barua Pepe kati ya Bunge na Mpiga Kura

Tovuti na barua pepe humuunganisha mbunge na mpiga kura kwa njia mbili zisizofanana. Tovuti hutangaza: anayeitaka huifuata, na wote huona kitu kilekile, iwe ratiba ya kikao, mswada au jina la mwenyekiti wa kamati. Barua pepe hubeba neno la mtu mmoja hadi kwa mtu mmoja, na huwa deni mpaka ijibiwe. Mabunge ya Afrika Mashariki yameimudu kazi ya kwanza kwa kiasi fulani, lakini ya pili yameiacha ijiendee. Pengo hilo linaonekana wazi Bujumbura, kwa sababu Burundi ina mambo mawili ambayo kila moja peke yake lingetosha kumtenga mbunge na watu wake: mfumo wa uchaguzi usiompa mpiga kura mbunge wake mwenyewe, na mtandao unaofikia takriban mtu mmoja kati ya kumi.

Barua pepe iliingia bungeni kwa hadhari. Mwaka 1993 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilianza majaribio na wabunge 7 tu. Mpiga kura aliyetaka kumwandikia mmoja wao kwa kompyuta alitakiwa kwanza kutuma kadi ya posta yenye jina lake na anwani yake ya mtandao, ili ofisi ihakikishe kwamba anaishi katika jimbo la mbunge huyo. Leo utaratibu huo unaonekana wa ajabu, ila ulijibu swali ambalo halijaisha mpaka sasa. Barua ya posta ina muhuri wa mji ilikotoka. Barua pepe haina. Mbunge anayelipwa kuwasikiliza watu wa mahali fulani anahitaji kujua kama anayemwandikia ni wa hapo. Baadaye kadi ya posta ilibadilishwa na fomu za tovutini zinazodai namba ya posta ya nyumba. Mwaka 1994 Edward Kennedy wa Massachusetts akawa seneta wa kwanza nchini humo kuwa na tovuti, na Januari 1995 Bunge lao likaanza kuweka miswada mtandaoni. Kilichoipa barua pepe nguvu kuliko yote kilikuwa hofu: Oktoba 2001 barua zenye vimelea vya kimeta zilipelekwa kwa maseneta, posta ya Bunge ikasimamishwa, na wananchi wengi wakahamia kwenye kompyuta, wasirudi tena kwenye bahasha.

Uingereza ilikwenda kwa njia nyingine. Wananchi wenyewe walitengeneza huduma iitwayo WriteToThem, ambamo mtu huandika namba yake ya posta, akaonyeshwa mbunge wake, akaandika ujumbe na kuutuma. Wiki mbili baadaye huduma hiyo humuuliza: je, umejibiwa? Majibu hayo yalikusanywa na kuchapishwa, kila mbunge kwa jina lake. Swali hilo la maneno machache lina uzito kuliko mapambo yote ya tovuti, kwa kuwa linapima kitu pekee ambacho mwandishi wa barua anakitaka.

Burundi haina namba za posta za nyumba. Mkazi wa Buyenzi au Bwiza, jijini Bujumbura, hutaja mtaa wake, kisha avenyu kwa namba, kisha namba ya nyumba. Mkazi wa mashambani hutaja kilima chake na komine, yaani eneo la utawala chini ya mkoa. Anwani za namna hiyo zinatosha kabisa kumtambulisha mtu, na fomu ya tovutini ingeweza kuzipokea bila shida. Shida ipo upande wa pili wa fomu: impelekee mbunge yupi?

Wabunge wa Burundi huchaguliwa kwa orodha za vyama, mkoa kwa mkoa, na viti hugawanywa kwa uwiano wa kura. Mpiga kura huchagua orodha nzima, hachagui jina. Katiba ya mwaka 2018 inataka Bunge la Taifa liwe na wabunge wasiopungua 100, asilimia 60 Wahutu na asilimia 40 Watutsi, wanawake wasipungue asilimia 30, na Watwa 3 waongezwe kwa kuteuliwa. Mpango huo ulizaliwa na makubaliano ya amani ya Arusha ya Agosti 2000, na sababu yake inaeleweka na kila aliyeishi Bujumbura katika miaka ya tisini: ulikusudiwa kuzuia kundi lolote lisimezwe na jingine. Katiba hiyohiyo inasema kwamba mbunge ni wa taifa zima na hawezi kufungwa na maagizo ya waliomchagua. Kwa hiyo neno “mbunge wangu”, ambalo Mtanzania au Mkenya hulitamka bila kufikiri, halina mtu mmoja wa kumwelekea nchini Burundi.

Mageuzi ya utawala yameongeza umbali huo. Katika uchaguzi wa tarehe 5 Juni 2025 mikoa 18 ilikuwa imepunguzwa kuwa 5, na komine 119 kuwa 42. Mkoa mpya wa Bujumbura umeunganisha jiji lenyewe, Bujumbura ya mashambani, Bubanza na Cibitoke. Orodha moja ya wabunge sasa inawabeba wafanyabiashara wa soko la Buyenzi, wakulima wa mpunga wa bonde la Imbo na wenyeji wa milima inayopakana na Rwanda. Katika uchaguzi huo chama tawala cha CNDD-FDD kilichukua viti vyote 100 vya kuchaguliwa. Aliyepigia kura orodha nyingine hana mbunge wa chama chake wa kumwandikia, na aliyekipigia CNDD-FDD ana wengi mno asijue nani kati yao anahusika na mtaro wa maji machafu mbele ya nyumba yake.

Mtaro huo unafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndipo nadharia hugeuka kuwa kazi. Tuseme mkazi wa Buyenzi anataka kulalamika kwamba kila mvua za Aprili zinapokuja, maji hufurika hadi ndani. Ana simu yenye intaneti na amenunua kifurushi cha siku. Akifungua tovuti ya Bunge la Taifa, assemblee.bi, atakuta habari za vikao, sheria na majina ya wabunge, sehemu kubwa kwa Kifaransa. Yeye anazungumza Kiswahili na Kirundi. Kifaransa alikiacha darasani. Akishapata majina ya mkoa wake, lazima achague mmoja kwa kubahatisha, au awaandikie wote. Akiwaandikia wote, kila mmoja anaweza kudhani mwenzake atajibu. Akimwandikia mmoja, hana njia ya kujua kama barua ilifika, nani aliisoma, wala kama ilipelekwa kwa mkuu wa komine, ambaye hasa ndiye mwenye mamlaka juu ya mitaro. Kifurushi kinaisha jioni. Kesho yake anakwenda kwa mkuu wa mtaa, jambo ambalo angelifanya tangu mwanzo.

Hakuna sehemu ya safari hiyo iliyoshindwa kwa sababu ya teknolojia peke yake. Sheria ya uchaguzi haikatazi wabunge wa mkoa mmoja kugawana komine kati yao kwa ajili ya kupokea malalamiko. Mbunge akibaki wa taifa zima wakati wa kupiga kura katika ukumbi wa Bunge wa Kigobe, bado anaweza kuwa msikilizaji wa komine mbili au tatu zinazojulikana, jina lake likawekwa tovutini mbele ya majina ya komine hizo. Kwa nchi ya orodha, huenda hilo ndilo jambo lenye faida kubwa kuliko yote ambayo tovuti ya bunge inaweza kufanya: kurudisha uso wa mtu pale ambapo karatasi ya kura iliweka nembo ya chama.

Kuhusu mtandao wenyewe, Burundi haina bahari, na kwa miaka mingi ilitegemea satelaiti, iliyo ghali na isiyo na kasi. Nyaya za baharini zilipofika pwani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2009, mkongo wa taifa ukaunganishwa nazo kupitia nchi jirani, na gharama zikashuka mjini. Vijijini kikwazo cha kwanza ni umeme, ambao nao hauwafikii Warundi walio wengi. Simu huchajiwa kwa kulipia kwenye kibanda chenye sola. Katika hali hiyo ukurasa uliojaa picha kubwa za sherehe za ufunguzi wa kikao hula kifurushi cha mwananchi kabla hajafika kwenye mswada alioufuata. Ukurasa mwepesi wa maandishi matupu si umaskini wa ufundi. Ni heshima kwa anayelipa.

Lugha ni jambo zito zaidi. Kirundi, Kifaransa na Kiingereza ni lugha rasmi, na Kiswahili ni lugha ya kila siku ya Buyenzi, ya bandari, ya biashara na Uvira, Kigoma na Dar es Salaam. Majadiliano ya Kigobe husikika kwa Kirundi na Kifaransa, lakini sheria na taarifa huandikwa zaidi kwa Kifaransa. Redio na Televisheni ya Taifa, RTNB, hutangaza kwa Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza, maana yake watu wa kazi hiyo wapo nchini na wanalipwa na serikali ileile. Muhtasari wa mswada kwa Kirundi, kurasa mbili tu, na wa Kiswahili kwa jiji, ungefanya kile ambacho maandishi kamili ya Kifaransa hayawezi.

Ng'ambo ya mpaka mambo ni tofauti. Bunge la Tanzania huendeshwa kwa Kiswahili, na tovuti yake imeweka taarifa rasmi za majadiliano, maswali ya wabunge na majibu ya mawaziri, pamoja na wasifu wa kila mbunge, jimbo lake na namna ya kumpata. Mpiga kura wa Kasulu anaweza kutafuta jina la mbunge wake akaona ameuliza maswali gani, akasoma jibu la waziri kwa lugha anayoifahamu vyema. Mkazi wa Bujumbura anayejua Kiswahili anaweza kusoma mjadala wa Dodoma kuhusu reli au bandari ya Kigoma kwa wepesi kuliko anavyosoma mjadala wa Kigobe kuhusu bei ya mafuta ya gari. Hilo linapaswa kuwasumbua wanaoendesha tovuti za Burundi.

Ni Kigoma pia alikotoka mbunge aliyeonyesha mapema jinsi tovuti binafsi inavyoweza kutumika. Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini kuanzia mwaka 2005 hadi 2015, kisha wa Kigoma Mjini hadi 2020, aliendesha ukurasa wake aliouita Zitto na Demokrasia. Humo aliweka hotuba, taarifa za kamati ya hesabu za mashirika ya umma aliyoiongoza, na hoja zake juu ya madini na gesi. Alikwishasimamishwa bungeni mwaka 2007 kwa hoja yake kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi, na kwa mtu wa upinzani ukurasa ulikuwa na faida ambayo magazeti hayakuweza kumhakikishia: maneno yake yalibaki kama alivyoyaandika, na yalipatikana miaka baadaye. Mbunge wa chama tawala anaweza kuuona ukurasa wa namna hiyo kama pambo. Mbunge wa upinzani anauona kama kumbukumbu yake rasmi.

Uhuru huo una gharama. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka waendesha kurasa binafsi nchini Tanzania kujisajili na kulipa ada ambazo, kwa kujumlisha, zilizidi shilingi milioni 2. Miaka miwili kabla, Januari 2016, serikali ilikuwa imetangaza kusitisha matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge kwenye televisheni ya taifa. Taarifa rasmi ziliendelea kuwekwa tovutini, lakini kuusoma mjadala baada ya siku kadhaa si sawa na kumwona mbunge wako akisimama.

Kenya imepitia mengi zaidi, na kila hatua ilianza na ugomvi. Mwaka 2005 tovuti ya Bunge la Kenya ilifungwa baada ya wabunge kadhaa kulalamika kwamba wasifu wao, pamoja na elimu na kazi walizowahi kufanya, ulikuwa wazi kwa kila mtu. Vijana wawili, Ory Okolloh na Conrad Akunga, wakaanzisha Mzalendo, tovuti huru iliyokusanya habari za kila mbunge: jimbo lake, aliyoyasema bungeni, kamati zake. Bunge lilipoziba dirisha lake, wananchi walifungua la kwao, na la kwao likadumu. Taasisi ya Mzalendo inaendelea hadi leo, ikichapisha kila mwaka tathmini ya wabunge waliozungumza na waliokaa kimya.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilizigeuza taratibu hizo kuwa haki. Ibara ya 118 inalitaka Bunge lifanye kazi yake hadharani na kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Tangu hapo kamati zinazopokea maoni ya mswada hutangaza magazetini na tovutini, zikitoa anwani ya Katibu wa Bunge na siku ya mwisho. Kwa muda mrefu waliojibu walikuwa mawakili, makampuni na mashirika. Mnamo Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, vijana walisambaza namba za simu za wabunge mitandaoni, na simu za waheshimiwa zikajaa ujumbe usiohesabika. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliokuwa wakiupinga waliingia ndani ya jengo la Bunge Nairobi, watu wakauawa kwa risasi barabarani, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo.

Mwaka uliofuata ulileta kesi inayogusa kiini cha mada hii. Mtengeneza programu mmoja wa Nairobi aliandaa ukurasa mdogo kuhusu Mswada wa Fedha wa 2025. Ukurasa ulieleza vifungu vilivyomsumbua, kisha ukaweka kitufe. Mtu akikibonyeza, ujumbe uliokwisha kuandikwa ulifunguka katika barua pepe yake mwenyewe, ukiwa na anwani za Bunge, akabakiwa na kazi ya kuutuma kwa jina lake. Anwani zilikuwa zilezile ambazo Bunge lilizitangaza kwa ajili ya kupokea maoni. Mwishoni mwa Mei alikamatwa, akalala rumande siku kadhaa, akashtakiwa chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 kwamba ameingilia mfumo wa kompyuta. Tarehe 20 Juni hakimu aliitupilia mbali kesi hiyo, akiona mashtaka hayakuonyesha kosa lolote.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki, na ni muhimu kuona kwa nini. Bunge likitoa anwani na kuomba maoni, wingi wa maoni ndio mavuno yake. Kikasha kilichojaa ni tatizo la ofisi, na ofisi ina dawa zake: hifadhi kubwa zaidi, mashine ya kupanga ujumbe unaofanana, fomu yenye nafasi ya jina na jimbo. Aliyeandika hapaswi kubebeshwa gharama ya ofisi kutojiandaa. Ni kweli kwamba barua elfu tano zenye maneno yaleyale hazilingani na barua elfu tano ambazo kila mtu amefikiri zake, na karani wa bunge anaweza kuzihesabu kama kundi moja lenye sahihi nyingi. Lakini kundi hilo nalo ni habari. Linamwambia mbunge ni wangapi walioumia kiasi cha kubonyeza, na wanatoka wapi.

Je, Bunge likishapokea maoni, lazima liseme limeyafanyia nini? Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika hukumu yake ya Julai 2024 kuhusu Sheria ya Fedha ya 2023, ilisema Bunge lilipaswa kueleza kwa nini limekubali au kukataa yaliyopendekezwa. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilitengua hukumu hiyo, ikaona kwamba sheria haijaweka wajibu wa wazi wa kutoa sababu. Kisheria suala limekwisha kwa sasa. Kwa mtazamo wa mwananchi aliyeandika, Mahakama ya Rufani ilikuwa karibu zaidi na maana ya kushirikishwa: anayeulizwa maoni kisha asiambiwe lolote hujifunza kutojibu mara nyingine.

Kongo na Uganda zinaongeza machache. Kinshasa, kituo cha utafiti cha Ebuteli kinaendesha Talatala, tovuti inayofuatilia wabunge na miswada. Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine kuanzia Julai 2018, kisha mwaka 2021 ikahamishia kodi kwenye data yenyewe. Mbunge anayewaambia watu wake wamwandikie kwa simu, huku akipitisha kodi inayowazuia kuandika, amefunga mlango kwa mkono wa pili. Lipo pia Bunge la Afrika Mashariki lenye makao Arusha, ambamo Burundi, mwanachama wa Jumuiya tangu 2007, ina wabunge 9. Hao huchaguliwa na bunge la nyumbani, si na wananchi moja kwa moja, na kwa kuwa wako mbali, barua pepe ingekuwa njia yao ya kawaida kuliko kwa mbunge yeyote mwingine. Hata hivyo mfanyabiashara wa Bujumbura aliyezuiwa mzigo mpakani Kobero kwa kawaida humpigia simu wakala wa forodha.

Kwa kweli Bujumbura ina njia yake iliyokwisha kushinda: WhatsApp. Grupu la mtaa, la chama, la msikiti au parokia hubeba taarifa kwa sauti na picha, kwa Kirundi na Kiswahili, na mbunge aliye ndani ya grupu husikia mambo kabla ya ofisi yoyote. Ujumbe wa sauti unamfaa asiyezoea kuandika, na kifurushi chake ni nafuu. Ubaya wake ni kwamba haubaki mahali pa umma. Ahadi iliyotolewa kwa sauti ndani ya grupu la watu 200 hupotea chini ya salamu na matangazo ya misiba. Aliye nje ya grupu haioni kamwe, na msimamizi anaweza kumtoa aliyeuliza swali lisilopendeza. Barua pepe ina tarehe, ina mada, ina nakala kwa aliyetuma. Inayofaa ni kuziunganisha: ujumbe upokelewe kwa WhatsApp, uandikishwe na karani kwenye daftari la ofisi, upewe namba, na jibu litolewe kwa njia ileile uliyoingilia.

Uandikishaji huo ndio moyo wa kazi, na hauhitaji mitambo mikubwa. Karani mmoja anatosha kwa wabunge kadhaa. Ujumbe unapofika, huandika tarehe, komine, mtaa au kilima, na aina ya jambo: ombi la msaada binafsi, malalamiko juu ya huduma, au maoni juu ya mswada. Aina ya kwanza ndiyo huwa nyingi kila mahali. Watu huomba karo, dawa, kazi, nauli. Zikichanganywa na maoni juu ya miswada, mbunge huchoka na kuacha kusoma zote. Zikitenganishwa, za msaada huelekezwa kwa idara zinazohusika, malalamiko huenda kwa komine au wizara yakiwa na barua ya mbunge juu yake, na maoni hufika kwenye kamati kabla ya siku ya mjadala. Jibu la kwanza linaweza kuwa mistari mitatu: tumepokea, tumepeleka kwa fulani, uliza tena baada ya siku kadhaa kwa namba hii. Malalamiko yakihesabiwa kwa mtaa mwishoni mwa kikao, mbunge anapata maswali ya kumuuliza waziri ana kwa ana, kazi ambayo Kigobe tayari ina utaratibu wake.

Hakuna daftari litakalojazwa na watu wenye hofu. Mwishoni mwa Aprili 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa rais yalipoanza, WhatsApp, Facebook na Twitter zilizuiwa kwenye simu nchini Burundi. Wiki mbili baadaye, katika jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei, vituo vya redio binafsi vilishambuliwa na kuharibiwa, na nchi ikabaki karibu bila sauti nyingine isipokuwa ya taifa. Tovuti ya gazeti la Iwacu ilizuiwa kuanzia 2017. Siku ya uchaguzi, tarehe 20 Mei 2020, mitandao ya kijamii ilizimwa tena. Mwaka 2022 ikaja sheria ya makosa ya mtandao. Mwananchi anayekumbuka miaka hiyo hupima kila neno kabla ya kuliandika chini ya jina lake, na ana sababu. Fomu inayomdai jina, namba ya kitambulisho na mtaa inapaswa pia kumwambia, kwa Kirundi na Kiswahili, nani atasoma ujumbe wake, utahifadhiwa kwa muda gani na hautapewa nani. Mahali pengine anaweza kuruhusiwa kutaja mtaa tu, bila jina. Malalamiko ya mtaro hayapungui ukweli kwa kukosa jina.

Redio inabaki daraja kati ya tovuti na wale tisa kati ya kumi wasio na intaneti. Kipindi cha nusu saa, mara moja kwa wiki, kinachosoma maswali yaliyofika kwa barua pepe na WhatsApp na kumweka mbunge ayajibu, huwafikisha wasiotuma chochote kwenye mazungumzo hayohayo. Mzee wa Bubanza anayemsikia jirani yake wa mkoa akijibiwa anajua kwamba naye anaweza kumtuma mjukuu aandike.

Liko jambo la mwisho, ambalo husahauliwa hadi uchaguzi upite. Katika nchi nyingi za ukanda huu mbunge hutumia anwani yake binafsi ya Gmail au Yahoo hata kwa kazi ya umma. Akiondoka bungeni, anaondoka na barua zote: malalamiko yaliyokuwa njiani, majibu ya mawaziri, ahadi. Anayemrithi huanza na kikasha kitupu, na wananchi huanza upya kueleza yaleyale. Marekani, Idara ya Nyaraka za Taifa huhifadhi nakala za tovuti za wabunge kila Bunge linapomaliza muda wake, ili maneno yao yasomeke baadaye. Kwa Burundi, ambako bunge lililochaguliwa mwaka 2020 lilimaliza kazi 2025 na ramani ya mikoa ikabadilika kwa wakati mmoja, hasara ilikuwa maradufu: mbunge mpya, na mkoa mpya usio na faili lolote la nyuma. Anwani iliyoandikwa kwa jina la komine chini ya tovuti ya Bunge, ikikabidhiwa kwa kila mbunge anayepewa komine hiyo pamoja na barua zilizomo, ingebaki palepale hata orodha za vyama zikibadilika.